Mwenyekiti Aliyekaa Benchi la Nyuma

Kila asubuhi, magari ya Waiyaki Way yakianza kusongamana, Mzee Mungai alikuwa ameshaketi kwenye kibanda cha chai cha Wangu karibu na soko la Kangemi, gazeti limekunjuliwa mbele yake. Gazeti lilinunuliwa na Wangu kwa ajili ya wateja wote, lakini hakuna aliyethubutu kuligusa kabla Mzee hajamaliza. Tena hawakuwa na haja ya kuligusa, maana Mzee aliwasomea.

"Haya," alikuwa akisema, akiupiga ukurasa kwa kiganja ili unyooke. "Waziri alienda Kisumu jana, wakamzomea. Mvua inakuja wiki ijayo, aliye na bati linalovuja ashughulike. Na hawa vijana wetu wa mpira wamefungwa tena. Msiniulize mabao mangapi, nitakasirika bure."

Watu wa bodaboda walicheka, wakanywa chai yao haraka, wakaenda. Aliyeuliza habari hiyo iko ukurasa gani aliambiwa anunue gazeti lake. Mwishoni Mzee alifungua kurasa za ndani, akamsomea Wangu nyota yake ya siku hiyo. Hapo Wangu aliacha mandazi yaelee kwenye mafuta, akapangusa mikono kwa aproni na kusikiliza kama mtu aliye mbele ya daktari.

Ukweli ni kwamba Mzee Mungai hakujua kusoma hata jina lake.

Alikuwa fundi wa mawe maisha yake yote. Kuta nyingi za Loresho, zile zenye maua ya zambarau yanayomwagikia barabarani, zilijengwa kwa mikono yake, na sasa alikuwa amestaafu na vyumba vyake vichache vya kupangisha. Shule aliiacha akiwa darasa la kwanza, baba yake alipomhitaji kwenye machimbo. Habari alizosoma kibandani alizisikia redioni alfajiri akinyoa ndevu, kisha akaja kuzitafuta kwenye picha. Nyota za Wangu alizitunga njiani. Binti yake Waceke, anayeishi Jamhuri Estate, ndiye pekee aliyejua, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimsomea bili za stima na mikataba ya wapangaji tangu mama yake afariki.

"Baba, si utafute mahali ujifunze?" Waceke alizoea kumwambia.

"Na umri huu? Nikae na nani?"

Mapema mwaka huu, Pasta Muigai wa kanisa lililo nyuma ya soko aliita mkutano wa majirani baada ya ibada ya Jumapili. Alikuwa na habari njema na alishindwa kuificha, alitabasamu hata wakati wa maombi. Kanisa lingetoa ukumbi wake Jumanne na Alhamisi alasiri. Bwana Kamlesh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara, angetoa ubao na mbao za mabenchi. Chama cha akina mama wa Loresho kingemleta mwalimu, Bi Aarti, aliyefundisha shule za msingi hadi akastaafu. Na ofisi ya elimu ya watu wazima ilikuwa imeahidi vitabu.

"Ngumbaru!" mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, na watu wakacheka.

"Ndiyo, ngumbaru, darasa la watu wazima kujifunza kusoma," Pasta akasema. "Na tusione aibu. Kila mmoja ameleta chake. Kilichobaki ni mwenyekiti kutoka hapa kwetu. Mtu anayeheshimika, anayeweza kuwaendea watu nyumbani na kuwatia moyo. Mtu anayependa kusoma."

Watu wote wakageuka kumtazama Mungai kwa wakati mmoja.

"Mimi nina kazi nyingi," akasema haraka.

"Kazi gani, Mzee?" Wangu akauliza kwa sauti iliyofika hadi mimbarini. "Si unakunywa chai tu?"

Mikono ikainuliwa, na Mzee Mungai akawa mwenyekiti wa darasa la kusoma. Bwana Kamlesh alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Walijuana tangu zamani, toka siku ambazo Mungai alikuwa akinunua saruji kwake.

"Mungai bwana, nimefurahi ni wewe. Hawa watu wakiona mtu msomaji kama wewe, watakuja."

Jioni hiyo Mungai alimpigia Waceke simu. Waceke alicheka hadi akaishiwa pumzi, na baba yake akamkatia.

Hata hivyo kazi aliifanya. Hakuwa mtu wa kupewa jukumu halafu akae. Alizunguka Kangemi yote, akagonga milango, akaongea na mafundi wa baiskeli, wauza mboga na akina mama wanaofua nguo za watu. Alijua la kuwaambia kwa sababu alijua kilichokuwa kikiwazuia. Hakumwambia mtu kwamba kusoma ni ufunguo wa hiki au kile. Aliwaambia, "Kule hakuna atakayekucheka. Mimi mwenyewe nitakuwepo nione nani atacheka." Fundi baiskeli Ajwang, mwanamume mwenye kifua kama pipa, alikubali papo hapo, ila aliomba akae karibu na mlango.

Siku iliyofuata Wangu alimwita Mungai kando, nyuma ya jiko.

"Baba Waceke, mbona mimi hujaniuliza?"

"Wewe? Wewe si unajua kusoma?"

"Nani alikuambia? Mimi najua noti na sarafu, basi. Gazeti nanunua kwa sababu wateja wanalipenda, na wewe unanisomea vizuri. Sikuona haja ya kujisumbua." Alichakura majivu kwa kidole cha mguu. "Lakini siwezi kwenda peke yangu. Nitaenda ukikaa mle ndani kila somo, mwanzo hadi mwisho."

"Kila somo?"

"Kila somo. Usipokuja siku moja, mimi narudi kwa mandazi yangu."

Mungai alikunja uso kama mtu anayetwishwa mzigo mzito. "Sawa," akasema. "Kwa ajili yako nitajitahidi." Akaondoka akitembea taratibu mpaka alipopinda kona, ndipo akaongeza mwendo kama kijana.

Darasa likaanza. Bi Aarti alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi, aliyevaa raba nyeupe chini ya sari na kuongea Kiswahili cha Nairobi kama mtu aliyezaliwa Ngara, na kweli alikuwa amezaliwa Ngara. Siku ya kwanza hakuandika a, e, i, o, u ubaoni. Alimuuliza kila mtu neno moja ambalo angependa kulijua kabla ya mengine yote. Ajwang alisema "breki". Mama mmoja alisema jina la mjukuu wake. Wangu alisema "sukari". Maneno yote yakaandikwa ubaoni, na kutoka kwenye maneno hayo Bi Aarti akaanza kuzitoa herufi mojamoja, kama mtu anayechambua mchele.

Mzee Mungai alikaa benchi la nyuma kabisa, mikono ameikunja kifuani, akiwatazama wanafunzi kwa macho ya usimamizi. Hakukosa hata siku moja. Alifika kabla ya wote akapanga mabenchi, na aliondoka wa mwisho akafuta ubao polepole sana, neno kwa neno. Habari za bidii yake zikafika Loresho. Mama mmoja wa chama alisema hajawahi kuona mwenyekiti wa namna hiyo katika kamati zote alizokaa.

Bi Aarti ndiye aliyegundua. Alikuwa amewafundisha watoto wa darasa la kwanza miaka mingi, na alijua midomo ya mtu anayejifunza inavyotikisika. Midomo ya mwenyekiti ilitikisika kila wanafunzi waliposoma kwa pamoja, na ilichelewa nusu ya silabi, kama ya wenzake. Alhamisi moja, wengine wakiwa wamekwenda, alimsogelea akiwa na kitabu mkononi.

"Mwenyekiti, nisaidie. Vitabu hivi vimetoka ofisini, na sijui kama vinafaa watu wa hapa. Chukua kimoja nyumbani ukikague. Kikague pole pole, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna haraka."

Mungai alimtazama. Bi Aarti naye alikuwa akiitazama chaki iliyomshika vidoleni, akiipangusa.

"Nitakikagua, Mwalimu," akasema.

Akakikagua kweli. Mchana, wapangaji wakiwa kazini, alichukua kipande cha mkaa akaandika kwenye ukuta wa mawe nyuma ya vyumba vyake, ukuta alioujenga mwenyewe. Kila jiwe lilibeba silabi moja. Ba, be, bi, bo, bu, mstari mzima mpaka kwenye tangi la maji. Kisha alirudi mwanzo, akasoma akigusa kila jiwe, na akikwama alifungua kitabu. Kabla wapangaji hawajarudi aliosha ukuta kwa ndoo na brashi. Jirani yake alimwambia mkewe kwamba Mzee Mungai anazeeka vibaya, anaosha ukuta kila siku.

Miezi ikapita. Siku moja Wangu alisoma maandishi ya kwenye pakiti ya unga wa ngano mbele ya wateja wake, na watu wa bodaboda wakampigia honi zote kwa pamoja. Ajwang alihama kutoka mlangoni akaja benchi la pili. Mwezi wa tisa ulipokaribia, washirika wote waliolichangia darasa walikubaliana kufanya sherehe ndogo ukumbini: wanafunzi wasome, akina mama wa Loresho walete keki na chevda, vile vitafunio vya Kihindi vyenye pilipili, na mwenyekiti asome hotuba ya kuwakaribisha wageni. Pasta Muigai aliiandika hotuba hiyo mwenyewe kwa herufi kubwa, akampelekea Mungai nyumbani.

Waceke alikuja kumtembelea baba yake wikendi hiyo. Mungai alimpa karatasi kama alivyozoea kumpa bili za stima, na Waceke akaisoma tena na tena hadi baba yake akaikariri yote kichwani. Alikuwa na kichwa chepesi cha kushika maneno, redio ilikuwa imekinoa.

"Lakini Baba," Waceke akasema akiikunja karatasi, "si sasa unaweza kuisoma mwenyewe?"

"Naweza kidogo. Si mbele ya watu."

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Bwana Kamlesh alikuja na mama yake mzee, aliyeketi mbele akiwa na fimbo na shali. Watu wa bodaboda walisimama madirishani. Wangu alivaa gauni la kijani ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Pasta alimwita mwenyekiti, na Mzee Mungai akasimama, akanyoosha koti, akaishika karatasi.

Maneno yote yalikuwa kichwani, tayari kutoka. Alichopaswa kufanya ni kufungua mdomo tu. Lakini alipoinamisha macho, herufi za mwanzo zilimtazama, na akazijua. Ka. Ri. Zile alizoziandika ukutani, kwenye mawe ya upande wa tangi. Zilikuwa zake, amezisoma kwa macho yake mwenyewe. Akaweka kidole kwenye karatasi.

"Ka-ri-bu-ni," akasema. "Karibuni. Wa... ge... wageni. We-tu. Wetu."

Kicheko kikaanzia madirishani. Watu wakadhani anaigiza. Mzee aliendelea, jasho likimtoka kwenye paji la uso: "Le-o... ni... si-ku..." Na watu wakazidi kucheka, wengine wakipiga makofi, mpaka Wangu akasimama.

Hakuwa akicheka.

"Mzee, hapana!" akasema. "Hiyo si poa hata kidogo. Tumekuja hapa kwa sababu ulituambia hakuna atakayetucheka. Halafu leo, mbele ya wageni, wewe mwenyewe unatuigiza tunavyosoma?"

Ajwang aliangalia viatu vyake. Mungai alishusha karatasi.

"Siigizi, Wangu," akasema. "Ndivyo ninavyosoma. Sijui kusoma zaidi ya hapo."

"Wacha mzaha."

"Si mzaha," akasema Bi Aarti kutoka kando. Aliongea kwa upole lakini kila mtu alimsikia. "Mwenyekiti ni mwanafunzi wangu tangu siku ya kwanza. Na ni mmoja wa wazuri."

Wangu aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Ilionekana waziwazi jinsi jambo hilo lilivyokuwa likimwingia taratibu.

"Na gazeti?" akauliza.

"Redio. Naisikia asubuhi nikinyoa."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Na nyota yangu?"

Mzee Mungai akarekebisha kola ya koti lake. Mtu mmoja dirishani akasema "Uwi!" kwa sauti ya chini.

"Baba Waceke, nakuuliza. Nyota yangu ilisema nihamishe kibanda kutoka kule chini nikae kando ya barabara. Nilihama! Nani alisema nihame?"

"Mimi," akasema Mungai. "Kule chini kulikuwa na maji machafu, na watu wote walipita huku juu. Ningekuambia mwenyewe ungeniambia nishughulike na chai yangu."

"Na ile ya kwamba nijihadhari na mwanamume mrefu mwenye maneno matamu?"

"Huyo alikuwa mpangaji wangu. Ana mabibi wawili, Wangu. Wote nimewaona."

Wangu alikaa chini kama mtu aliyesukumwa, akajifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kumtikisika. Pasta Muigai alinyanyuka kwenda kumtuliza, lakini Wangu alipotoa mikono usoni watu wakaona kwamba machozi yale yalikuwa ya kicheko. Alicheka hadi akashikwa na kwikwi. Ukumbi mzima ukalipuka naye. Mama yake Bwana Kamlesh, ambaye hakusikia vizuri na mwanawe alikuwa akimrudilia kila neno sikioni, aligonga sakafu kwa fimbo yake, akicheka bila sauti.

"Maliza basi," Wangu akasema alipopata pumzi. "Maliza hiyo hotuba. Na usiruke hata neno moja."

Mungai akaimaliza. Ilichukua muda mrefu sana, na keki ikangoja. Alipokwama kwenye neno "ushirikiano", darasa lote lilimsaidia kulivunja kipande kwa kipande, na alipolipata lote kwa mkupuo mmoja watu walishangilia kana kwamba bao limefungwa.

Baada ya sherehe Mungai aliwakusanya washirika na kuwaambia kwamba anajiuzulu. Haifai, alisema, mtu aongoze watu akiwa amewadanganya. Pasta alifikiri kidogo, akasema kwamba kwa kweli hakuweza kumpinga hapo. Bwana Kamlesh alimpinga kwa nguvu. Alisema hajaona mwenyekiti mwingine aliyejaza ukumbi. Hatimaye waliwaachia wanafunzi waamue, na wanafunzi wakamchagua Wangu. Amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba Mzee Mungai ahame benchi la nyuma aje la mbele kabisa, ampe daftari lake Mwalimu lisahihishwe kama wengine.

Na Jumanne iliyofuata, benchi hilo la mbele lilikuwa na mgeni. Bwana Kamlesh alikuwa amemleta mama yake. "Anasoma Kigujarati tu," alieleza akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, kama mzazi anayemwandikisha mtoto. "Amekaa Nairobi maisha yake yote, na mabango yote ya mjini ni picha tu kwake. Nyumbani amenisumbua wiki nzima. Anasema kama Mungai anaweza, yeye pia anaweza."

Walimwita Bibi. Alikuwa mkaidi, aliandika herufi nzuri kuliko wote, na alimpiga Ajwang kidole begani kila alipoona ameruka mstari.

Mwezi wa kumi na moja chama cha Loresho kilikodi gari, Bi Aarti akawapeleka wote mjini, kwenye maktaba. Wengi wao walikuwa wamepita mbele ya jengo hilo mara nyingi bila kujua ni la nini. Waliingia kwa kunyata, wakinong'ona kabla hata hawajaambiwa wanong'one. Mhudumu wa maktaba, kijana mwembamba, aliwaonyesha rafu ya vitabu vya Kiswahili, akawaambia wachague wapendacho na wakae popote.

Bibi alichukua kitabu cha mapishi. Ajwang alichukua cha wanyama. Wangu na Mungai waliona kitabu kimoja kwa wakati mmoja, kinene, chenye picha ya kuku mwekundu kwenye jalada, na kila mmoja akakishika upande wake.

"Mimi nimekiona kwanza," akanong'ona Mungai.

"Mimi ni mwenyekiti," akanong'ona Wangu.

Wakakubaliana kukaa pamoja. Wangu alisoma ukurasa wa kushoto, Mungai akasoma wa kulia, na walipofika kwenye sura ya magonjwa ya kuku wakaanza kubishana kuhusu mdondo, sauti zikapanda bila wao kujua. Kijana wa maktaba akaja akiwa ameweka kidole mdomoni.

"Samahani sana, mwanangu," Wangu akamwambia. "Huyu mzee amesoma vibaya."

"Sikusoma vibaya. Imeandikwa hapa."

"Wapi?"

"Hapa. Mstari wa pili."

Wangu akainama, akaufuata mstari kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kijana wa maktaba alisubiri.

"Haya, ni kweli," Wangu akasema. "Endelea."